Picha ya Kupamba

"Kwa simu yangu," Abeer alisema. "Ulinitolea simu mkobani, ukapiga picha, ukaituma. Hukuniuliza."

"Nilimtumia mwanamke mwenzangu."

"Mwanamke mwenzako ana mtoto wa kiume."

"Na ningemtumia asiye na mtoto wa kiume ili iweje? Posa huletwa na nani, paka?"

Walikuwa kwenye choo cha wanawake, ghorofa ya pili ya jumba la mikutano katikati ya mji, na sauti zao ziligonga vigae na kuwarudia. Mwanamke mmoja mwenye kitambulisho cha waandishi wa habari shingoni alikuwa akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono yenyewe ilivyohitaji. Bi Kijakazi, mama yake Abeer, alimkodolea macho kwenye kioo mpaka akafunga mfereji na kutoka.

"Unaona?" Abeer alisema. "Hata hapa wanatusikiliza."

"Basi punguza sauti."

"Mimi? Wewe ndiye unayetaka kwenda kusema mbele ya kamera."

"Nataka kwenda kusema ukweli. Tangu siku ile umekaa ndani kama mjane wa mume ambaye hata hukumpata. Hina inakukaukia mikebeni. Baba yako ameuhama msikiti wake, anakwenda kusali mbali, katikati ya watu wasiomjua. Tunyamaze mpaka lini?"

"Mpaka watu wasahau."

"Watu hawasahau. Huchoka tu, na wakishapumzika wanaanza upya."

Kisa chenyewe kilianzia Lavington, mtaa wa matajiri wa Nairobi, kwenye nyumba ya ukuta mrefu na walinzi langoni. Abeer alikuwa mchoraji wa hina na rangi nyeusi ya piko, na sifa zake zilikuwa zimetoka Kangemi, walikokaa, zikafika mpaka Kitisuru. Mwenye nyumba ile, mkurugenzi wa shirika moja la serikali, alikuwa akimwoza binti yake, na alasiri hiyo ilikuwa ya kupamba: wanawake peke yao, mapazia yamefungwa, mabuibui yametundikwa, simu zote zimeachwa katika kikapu mlangoni. Simu iliyoruhusiwa kupita ilikuwa ya Abeer tu, kwa sababu mchoraji huvipiga picha viganja vya bibi arusi ili wateja wengine waione kazi yake. Viganja, basi. Kila nyumba ilijua hivyo, na kila nyumba ilimwamini.

Uchoraji ulipokwisha na ngoma ikachangamka, bibi arusi aliinuka kwenda kubadilisha nguo. Shangazi zake wakamvuta Abeer, wakamkalisha kwenye kiti kilichoachwa. Ni mzaha wa wanawake: msichana asiyeolewa akikalia kiti ambacho bado kina joto la bibi arusi, bahati humfuata naye. Wakamfungua nywele, wakamtia asumini, wakampigia vigelegele. Bi Kijakazi, aliyekuja kumsaidia kukoroga hina, akatoa simu mkobani mwa mwanawe akapiga picha moja. Bi Nisreen alikuwa amemwomba picha ya msichana ili amwone kabla ya kumtajia mwanawe Zuhair. Mama gani angeiacha ile akangoja nyingine?

Bi Nisreen akamwonyesha Zuhair, Zuhair akamwonyesha rafiki. Kutoka hapo njia ya picha haikujulikana tena, ila Ijumaa iliyofuata ilikuwa kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Upeo, chini ya habari kwamba mkurugenzi anayechunguzwa kwa kufuja fedha za umma ameongeza mke kijana. Mtu anayechungulia arusi kutoka nje akiona msichana kwenye kiti cha bibi arusi atasema nini? Jina halikuandikwa. Waliandika "mke mpya" tu, na nywele za Abeer zimeshuka mpaka kiunoni.

Waliomjua walimtambua. Familia ya mkurugenzi ikaamua kwamba mchoraji hina ndiye aliyeiuza siri ya nyumba, maana simu yake ndiyo iliyopita mlangoni, na ikazitahadharisha nyumba nyingine. Hakuna aliyemwita tena. Bi Nisreen naye akaleta ujumbe kwamba Zuhair bado yuko masomoni. Zuhair alikuwa ameacha kusoma zamani na alikuwa akiuza vipuri vya magari.

Mlango ulisukumwa, akaingia Milcah, wakili kijana wa shirika la haki za wanawake. Yeye ndiye aliyewaandikia malalamiko na kuyapeleka mbele ya kamati inayochunguza maadili ya magazeti.

"Mama Abeer, nimewatafuta kila mahali. Mwenyekiti amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kufunga kikao. Anasema hii ni kamati ya wananchi, haiwezi kujifungia ndani. Itaenda moja kwa moja kwa televisheni kama hizo zingine."

"Na uso? Ulisema watauziba uso."

"Niliomba. Huyo Kisilu, wakili wa gazeti, akasimama. Akasema gazeti halikutaja mtu jina. Sasa sura ikizibwa, kamati itajuaje huyo ni nani? Lazima wewe mwenyewe upewe picha uiangalie, useme, huyu ni binti yangu. Ukishasema, imeingia kwa rekodi, na inawekwa kwa skrini kila mtu aone."

"Na nisiposema?"

"Inabaki tu karatasi ndani ya bahasha. Unarudishiwa, unaenda nayo nyumbani. Lakini hapo hakuna kesi, Mama. Kesi yote ni hiyo picha."

Abeer alitoa kicheko kikavu. "Gazeti lililiacha jina langu. Sasa mama yangu ndiye atakayelimalizia."

Bi Kijakazi alijifanya hakusikia. "Wakili, hebu niambie. Tukishinda?"

"Kamati itapendekeza gazeti lisahihishe na liombe msamaha."

"Itapendekeza."

"Ndiyo."

"Na gazeti likikataa?"

Milcah alijikuna shingo. "Wataandika kwa ripoti kwamba limekataa."

"Ripoti inakwenda wapi?"

"Kwa wizara."

"Na wizara?"

"Mama, mimi siwezi kukudanganya. Hiyo ndiyo iko."

Bi Kijakazi alifungua ushungi wake akaufunga upya, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo. Alikuwa mwanamke wa duka. Aliuza leso na mabuibui karibu na Mtaa wa Biashara, na kwa miaka mingi alikuwa amegombana na mawakala, askari wa jiji na wenye majengo. Alichojifunza ni kwamba anayedai kwa sauti huondoka na kitu, walau kidogo, na anayenyamaza huombwa hata kodi ya ukimya wake. Kamati hii aliiona dhaifu, lakini alikuwa hajaona nyingine.

"Tutakwenda," alisema. "Waandike tu mahali kwamba walikosea. Hata kama ni mstari mmoja, hata kama unakwenda kulala wizarani. Mtu akinisema sokoni nitamwambia, kasome."

"Hakuna mtu wa sokoni atakayekwenda kusoma ripoti, Mama."

"Sasa wewe wataka nini?"

"Twende nyumbani."

"Nyumbani ndiko tulikokuwa siku zote hizi. Kumetusaidia nini?"

Abeer alishusha nikabu usoni. Kabla ya ile picha hakuwa akivaa nikabu. Alikuwa akivaa mtandio wa rangi na kuupigia pini ubavuni. Sasa yalibaki macho tu, nayo yalikuwa yanatazama sinki.

"Fanya utakavyo," alisema. "Ulishazoea."

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Wajumbe wa kamati walikaa nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji, na katikati yao alikaa Jaji mstaafu Were, mwenyekiti, mtu mpole ambaye upole wake haukuwahi kumzuia kufanya alichotaka. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na skrini pana kama ukuta wa duka. Mbele, sakafuni, walichuchumaa wapiga picha. Bi Kijakazi alisoma maandishi kwenye fulana zao akaona kwamba wametumwa na magazeti yale yale yanayochunguzwa. Mmoja alikuwa wa Upeo. Alikuwa kijana mwenye uso mzuri, anatafuna mkate.

Aliyetangulia kuitwa alikuwa Mzee Ogutu, fundi wa makochi. Mkewe aligongwa na gari kwenye barabara ya Waiyaki, na gazeti jingine likatoa picha yake vile alivyolala pale lamini, kabla watoto wake hawajapata habari. Mzee alikuwa amevaa koti la suti lililokuwa la mtu mnene zaidi, au lake mwenyewe enzi hizo akila. Karani alimpelekea picha katika bahasha.

"Mzee Ogutu, unamtambua mtu huyu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiye," mzee alisema. "Ni Mama Joyline."

"Asante. Iingizwe kwenye rekodi."

Mzee aliinua kichwa, akaiona skrini ikibadilika rangi, na hapo ndipo akaelewa. "Lakini mheshimiwa, naomba msiionyeshe. Mimi shida yangu ilikuwa hiyo hiyo, kwamba ilionyeshwa."

"Tunakuelewa, mzee wangu. Lakini umeshaitambua. Wananchi wana haki ya kuona jambo tunalojadili."

"Basi naondoa malalamiko."

"Malalamiko unaweza kuyaondoa," mwenyekiti alisema, kwa upole ule ule. "Picha imeshaingia."

Ikawekwa. Ilikuwa kubwa. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, kisha kamera zote zikainuka, za kushoto na za kulia, zikaanza kulia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Walikuwa wakiipiga picha ile picha. Yule kijana wa Upeo aliweka mkate wake kwenye goti ili apate mikono miwili. Kesho, Bi Kijakazi alihesabu moyoni, Mama Joyline atalala tena kwenye lami katika kila gazeti la nchi hii, na safari hii hakuna wa kulaumiwa, kwa sababu gazeti linaripoti tu yaliyojiri katika kamati.

Mzee Ogutu alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti alimshukuru kwa ushujaa.

"Milcah," Bi Kijakazi alinong'ona. "Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Ulijua watafanya hivyo?"

"Nilijua watairusha kwa skrini. Hao wapiga picha sikuwafikiria."

Kwa hiyo hata wakili hakufikiria. Bi Kijakazi aligeuka kumtafuta mwanawe. Abeer alikuwa amekaa safu ya mwisho, kiti cha karibu na mlango, mikono ameiingiza ndani ya mikono ya buibui. Kwa umbali ule na kwa nikabu ile angeweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Karani akaita jina la Bi Kijakazi.

Alipanda jukwaani bila haraka. Aliletewa Msahafu, akauliza kama aliyeuleta ana udhu, karani akababaika, na watu wachache wakacheka. Aliapa kusema kweli. Kisha Kisilu, wakili wa Upeo, akaja mbele akifunga kifungo cha koti. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayekuuzia bima.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba."

"Pole kwa kusubiri. Sitakuchosha. Unalalamika kwamba gazeti la Upeo lilimchafulia binti yako jina. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Gazeti liliandika jina la binti yako?"

"Liliweka sura yake."

"Nimeuliza jina, mama."

"Jina hapana."

"Jina la baba yake? Mtaa wenu? Kazi yake?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mtu wa Kisumu, au wa Garissa, au hata wa hapa Nairobi asiyewajua, akiisoma Upeo siku ile hakupata kujua lolote kuhusu binti yako."

"Waliomjua walimjua."

"Hao walimjua tangu hapo, mama. Mimi nauliza, ni nani leo atakayeliambia taifa kwamba yule mwanamke ni binti yako? Ni Upeo, au ni wewe?"

Bi Kijakazi alikuwa amebishana na wanaume wengi wa aina hii, wenye maneno laini na mkono mgumu, na kila mara alikuwa na jibu kabla hawajamaliza. Safari hii alilitafuta jibu akakuta liko upande wa Kisilu.

"Si lazima ulijibu hilo," Kisilu alisema. "Karani, mpe mama bahasha."

Bahasha ilifunguliwa mbele yake, picha ikatolewa na kuwekwa mezani mahali ambapo ni yeye tu aliyeiona. Hakuwa ameitazama tangu Ijumaa ile. Alikuwa amechoma nakala ya gazeti nyuma ya nyumba na kuapa kwamba hataiona tena. Sasa ilikuwa imechapishwa upya, safi kuliko ilivyokuwa gazetini. Abeer yuko kwenye kiti cha bibi arusi, kichwa amekitupa nyuma, mdomo wazi, macho yamefumbwa kwa kicheko. Asumini moja imeangukia begani. Mkono wa shangazi fulani unaonekana pembeni, umeshika ncha ya nywele kama anayepima kitambaa. Wala hakujua kwamba kuna anayemtazama. Ilikuwa picha nzuri. Hata sasa mama yake alimwonea fahari, na fahari hiyo ikamuuma kama mwiba uliovunjikia ndani.

Mbele yake wapiga picha walianza kujiweka sawa. Mmoja aliifuta lenzi kwa ncha ya shati. Skrini ilikuwa bado nyeupe.

"Mama Kijakazi," mwenyekiti alisema, "chukua muda wako. Unamtambua mtu huyu?"

Alifikiria mstari mmoja utakaolala wizarani. Alifikiria duka. Alifikiria Msahafu alioutoa mkononi punde hivi; hukumu ya mwenye kuapa uongo aliijua vizuri, hakuhitaji shekhe wa kumfundisha. Kuna kufunga, kuna kulisha maskini, na baada ya yote hayo mtu hubaki na Mola wake, hajui kama amesamehewa. Hayo yote angeyafanya. Lakini kama asingesema neno moja sasa, lingine, lile la kumtambua, lingetoka lenyewe, maana lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ulimi.

"Simjui," alisema.

Milcah alisimama nusu, akakaa.

"Samahani?" mwenyekiti alisema.

"Nimesema simjui. Huyu si binti yangu."

Kulitokea minong'ono. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu. "Mama, malalamiko uliyoyatia sahihi yanasema kwamba ndiye."

"Nilikosea. Gazetini haikuonekana vizuri. Sasa nimeiona."

"Unajua umekula kiapo?"

"Najua."

"Na unajua kuidanganya kamati ni kosa?"

"Najua, mheshimiwa. Binti yangu simjui kucheka hivi."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake, mmoja akainua mabega. Kule nyuma Abeer alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Bi Kijakazi alijaribu kusoma macho yake, lakini ukumbi ulikuwa mrefu na taa za televisheni zilimpiga usoni. Hakuweza kujua kama mtoto yule ameshukuru au ameona kwamba kwa mara nyingine mama yake ameamua peke yake.

Kisilu hakutabasamu. Alikuwa stadi kupita hapo. Alirudi hatua moja, akavuta karatasi yake, akaandika kitu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, swali moja tu la kufungia, ili rekodi iwe safi. Mama yangu, kama huyu si binti yako, basi tuelewe kwamba gazeti la Upeo halikumkosea binti yako jambo lolote?"

Milcah alikuwa akitikisa kichwa. Bi Kijakazi alimwona. Alijua pia kesho wataandika nini, tena ukurasa wa mbele: kwamba mlalamishi amelisafisha gazeti kwa mdomo wake mwenyewe. Na nyumba za Lavington zitasoma, na Bi Nisreen atasoma, na wote wataendelea kujua walichokuwa wakikijua.

Alijibu kitu ambacho hakikusikika.

"Sogea karibu na kipaza sauti, mama," karani alisema.

Bi Kijakazi alisogea.

"Halikumkosea," alisema.

Mwenyekiti akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Karani aliitia picha ndani ya bahasha, akaifunga kwa mate, akampa. Mbele, sakafuni, kamera zilikuwa zimeshushwa, na yule kijana wa Upeo alikuwa ameuchukua mkate wake kutoka gotini. Bi Kijakazi aliitia bahasha ndani ya buibui, upande wa moyo, akashika ukingo wa jukwaa na kuanza kushuka, na kabla hajafika chini jina la shahidi mwingine lilikuwa limeshaitwa.